Miraba Thelathini

Baba yangu alipoondoka Kibondo mwaka 1957 kwenda kukata mkonge, alimwambia mama kwamba angerudi baada ya vipande kumi na viwili. Mama akahesabu miezi kumi na miwili. Kila mwezi ulipoandama alifunga fundo katika kamba iliyoning'inia juu ya kitanda. Mafundo yakafika kumi na mawili, baba haonekani. Lilipofungwa fundo la kumi na tano, watu wa ukoo walianza kumwambia mama maneno ambayo mtoto wa miaka saba hakupaswa kuyasikia.

Kipande kilikuwa kadi yenye miraba thelathini. Aliyemaliza kazi aliyopangiwa siku hiyo alitiwa alama katika mraba mmoja. Siku ya homa mraba ulibaki mtupu, nayo siku haikuhesabiwa. Mshahara ulipatikana kadi ilipojaa. Hata mtu asiyeugua kamwe, akipumzika Jumapili tu, alihitaji takriban wiki tano kuijaza. Vipande kumi na viwili basi ni wiki 60, yaani siku 420, na kwa mwezi wa angani hiyo ni zaidi ya miezi kumi na minne. Hesabu hii niliifanya nikiwa tayari mwalimu. Wakati ule nyumbani hakuna aliyeijua.

Mwezi wa namna hiyo haukuzuka kwetu. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia 1907 watu wa Usambara walikuwa wakipewa kadi za kuwalazimisha kufanya kazi siku thelathini katika kila miezi minne. Waingereza waliendelea na kadi. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge waliunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua, na Waha wa Kasulu na Kibondo wakaenda kwa wingi, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Safari yenyewe ilikuwa ya treni kutoka Kigoma hadi Morogoro, kisha lori hadi Korogwe, kwani reli ya Tanga ilikuwa haijaunganishwa na reli ya kati hadi mwaka 1963.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kalenda ya simu yake. Inauliza wiki ianze Jumamosi, Jumapili au Jumatatu. Nilicheka, maana swali hilo niliulizwa na mwanafunzi mmoja wa Kasulu, mwaka wangu wa kwanza baada ya kutoka chuo cha ualimu. Nilikuwa nimechora ratiba ubaoni, Jumatatu mwanzoni. Akasema, "Mwalimu, siku ya tatu imekuwaje ya kwanza?" Alikuwa na haki. Kiswahili huanza na Jumamosi, siku ya mosi, kikafika Jumatano, ya tano, halafu kikachukua Alhamisi ya Waarabu, ambayo nayo maana yake ni ya tano! Ng'ambo ya mpaka, Warundi huiita Jumatatu "ku wa mbere", siku ya kwanza, na Jumamosi ni ya sita. Mtoto mwenye shangazi Burundi alikuwa na wiki mbili kichwani.

Simu hiyo hupanga mwezi kwa safu, na mwezi wa siku 31 unaoanza Jumamosi, ikiwa wiki yaanzia Jumapili, unadai safu sita. Hayo yote inayamudu. Nilimwomba mjukuu aipange ili siku ya homa isihesabiwe na mwezi usogee mbele. Akatafuta kwa muda mrefu. "Babu, haikubali."

Baba alirudi kwenye fundo la kumi na saba, amekonda. Mama hakumpa maji kwanza, alimpa kamba. Baba akaipitisha vidoleni fundo kwa fundo.

"Nilikuambia kumi na viwili," akasema, "na kumi na viwili nimemaliza."

"Baba watoto," mama akamjibu, "hapo pana kumi na saba."