Mwendokasi wa Dar es Salaam: nani anafaidika kiafya, na nani analipa gharama

Jiji la Dar es Salaam nchini Tanzania lilianza kutumia mabasi yaendayo haraka tarehe 10 Mei 2016. Wakazi wengi waliyapokea kama dawa ya foleni. Hata hivyo, mpangilio wa barabara hauamui kasi ya magari peke yake. Huamua pia nani atapumua moshi, nani atagongwa akivuka, nani atawahi zahanati na nani atahamishwa ili wengine wapite. Makala haya yanaeleza namna mabadiliko ya usafiri yalivyogusa afya na usawa katika jiji hilo, na mafunzo ambayo miji mingine ya ukanda huu inaweza kuyapata.

Mji uliogawanywa tangu zamani

Chini ya utawala wa Wajerumani, na baadaye Waingereza, Dar es Salaam ilipangwa kwa kanda tatu ambazo majina yake bado hutajwa: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini kwenye maduka ya katikati, na Uswahilini, ambayo kitovu chake kilikuwa Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo iliachwa nafasi ya wazi, ambayo leo ni viwanja vya Mnazi Mmoja. Hoja mojawapo iliyotolewa ilikuwa ya kiafya: kuweka umbali kati ya makazi ya Waafrika na ya wengine ili kuzuia maradhi. Mitaa yenye nafasi, miti na mifereji ilikuwa ya wachache, na msongamano ukawa fungu la walio wengi.

Baada ya uhuru mipaka hiyo ya rangi ilifutwa, lakini umbali ukachukua nafasi yake. Kwa mujibu wa sensa, mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wakazi 4,364,541 mwaka 2012, na 5,383,728 mwaka 2022. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi limeishia zaidi pembezoni, kwenye vitongoji vilivyojengwa bila kupimwa. Jiji limetanuka kama vidole vya mkono kufuata barabara kuu nne: Morogoro, Bagamoyo, Nyerere na Kilwa. Kazi, masoko makubwa na hospitali za rufaa zimebaki kwenye kiganja. Mwenye kipato kidogo hupata kiwanja au chumba cha bei nafuu mbali, kisha hulipia umbali huo kila siku kwa nauli na kwa saa za maisha yake.

Mwendokasi ulileta nini

Mradi husimamiwa na Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, ulioanzishwa mwaka 2007. Awamu ya kwanza, yenye urefu wa takriban kilomita 21, inatoka Kimara hadi Kivukoni kwa kufuata Barabara ya Morogoro, na ina matawi ya kwenda Gerezani katika eneo la Kariakoo na Morocco katika wilaya ya Kinondoni. Ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kuanza kazi ikiwa na mabasi 140.

Mabasi hayo yana njia zake katikati ya barabara, ambazo magari mengine hayaruhusiwi kuzitumia. Abiria hukata tiketi kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi, hivyo mtu mwenye kiti cha magurudumu, mzee au mama mwenye mtoto mgongoni hahitaji kupanda ngazi. Kando ya barabara zilijengwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli, pamoja na vivuko vyenye taa. Safari ya Kimara hadi katikati ya jiji, ambayo nyakati za foleni ilikuwa ikichukua saa mbili au zaidi, ilishuka hadi chini ya saa moja. Mwaka 2018 jiji lilipewa Tuzo ya Kimataifa ya Usafiri Endelevu.

Mpango mzima una awamu sita. Zilizofuata ya kwanza ni za Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, na Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta.

Njia nne ambazo barabara hugusa mwili

Ya kwanza ni ajali. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya mwaka 2023 inakadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na asilimia 92 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi ya ajali hizo. Mwendo ndio huamua mengi: WHO inaeleza kuwa wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali yenye kifo huongezeka kwa asilimia 4. Hapa ndipo mfumo wa mabasi unapogusa tabia ya dereva. Dereva wa daladala ambaye lazima apeleke hesabu kwa mwenye gari kila jioni ana sababu ya kukimbiza, kugombea abiria na kusimama popote. Mfumo ambao abiria hulipa kituoni, na vituo vyake vinajulikana, humwondolea sababu hiyo.

Ya pili ni hewa. Moshi wa dizeli hubeba chembechembe ndogo zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuchangia kiharusi, magonjwa ya moyo na pumu. Anayeuvuta zaidi si yule aliye ndani ya gari lenye kiyoyozi na vioo vilivyofungwa. Ni kondakta, askari wa usalama barabarani, mama lishe, muuza maji na dereva wa bodaboda, ambao hushinda barabarani kutwa nzima. Basi moja kubwa linapochukua nafasi ya daladala kadhaa zilizochakaa, hao ndio wa kwanza kupata nafuu.

Ya tatu ni matumizi ya mwili wenyewe. WHO inashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na anayetembea kwenda kituoni na kurudi hupata sehemu ya dakika hizo bila kuzitafuta. Lakini kutembea kwa hiari kwenye njia yenye kivuli ni jambo moja, na kutembea kilomita kadhaa ukingoni mwa lami kwa kukosa nauli ni jambo jingine. Kwa huyu wa pili, faida ya mazoezi humezwa na hatari ya kugongwa.

Ya nne ni muda. Saa mbili zilizookolewa kwa siku ni saa za usingizi, za kupika chakula nyumbani, za kumsimamia mtoto masomo. Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye miadi ya kila mwezi, au mjamzito anayetakiwa kuhudhuria kliniki, uhakika wa kufika na kurudi siku hiyohiyo ni sehemu ya matibabu.

Mahali faida inapoishia

Faida hizo hazikugawanywa sawasawa. Huduma ilipoanza mwaka 2016, nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650, ya basi la kulisha njia kuu shilingi 400, na ya safari inayounganisha yote mawili shilingi 800. Mtu aliyetumia safari ya kuunganisha kwenda na kurudi alilipa shilingi 1,600 kwa siku, yaani shilingi 41,600 kwa siku 26 za kazi. Kwa mwajiriwa wa ofisini huo ulikuwa mzigo unaobebeka. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, na ambaye si kila siku hupata kazi, ulikuwa uamuzi kati ya nauli na chakula. Daladala nazo ziliondolewa kwenye sehemu hiyo ya Barabara ya Morogoro, na pamoja nazo ukaondoka uwezekano wa kulipia kipande kifupi kwa bei ndogo.

Uhaba wa mabasi uliongeza tatizo. Msongamano wa asubuhi katika kituo cha Kimara umekuwa malalamiko ya miaka mingi. Mwenye nguvu hujisukuma akaingia. Mzee, mlemavu na mjamzito hubaki wakisubiri. Sakafu iliyosawazishwa kwa ajili yao haiwafai kitu ikiwa mlango hawaufikii.

Halafu kuna maili ya mwisho. Njia nzuri ya waenda kwa miguu hufuata barabara kuu, lakini abiria wengi hawaishi kando ya barabara kuu. Anayeshuka Kimara na kupanda vilima vya ndani hukutana na vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, bila taa wala njia ya miguu. Hapo hupanda bodaboda. Usafiri huo umewapa vijana wengi ajira na umefika mahali ambapo basi halifiki, lakini pia umejaza wodi za majeruhi, ikiwa ni pamoja na zile za Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Hivyo safari moja inaweza kuwa na kilomita 15 salama na kilomita 2 za hatari, na hizo mbili ndizo zinazompata zaidi mkazi wa pembezoni.

Gharama zilizobebwa na wengine

Upanuzi wa barabara huhitaji ardhi, na ardhi hiyo huwa na wenyewe. Mwaka 2017, katika mradi tofauti wa kupanua Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kuelekea Kibaha, mamia ya nyumba zilibomolewa hadi Kiluvya kwa maelezo kwamba zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo, maarufu kama machinga, waliondolewa kwenye njia za miguu za katikati ya jiji. Mpita njia alipata nafasi ya kutembea. Muuzaji alipoteza nafasi ya kuuza. Wote wawili wana haki mjini, na michoro ya barabara mara nyingi huwasahau wote wawili hadi wanapogombana.

Bonde la Msimbazi linaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wasiopungua 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Waliokoka maji, lakini wakawa mbali na vibarua, masoko na hospitali walizozizoea. Baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde hilohilo, na mara kadhaa mafuriko yaliifunika na kusimamisha usafiri. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, unaojumuisha daraja jipya la Jangwani.

Matuta na vivuko mbele ya shule

Hatua kubwa kiafya si lazima iwe ya gharama kubwa. Shirika la Amend limekuwa likifanya kazi kwenye shule za msingi za Dar es Salaam zenye ajali nyingi. Wataalamu wake huchunguza njia wanazopita watoto, kisha hujenga vitu vya kawaida: tuta la kupunguza mwendo, kivuko cha pundamilia, njia ya miguu, nguzo za kuzuia magari, na pengine lango la shule linalohamishiwa upande usio na magari mengi. Utafiti uliolinganisha shule zilizopata marekebisho hayo na zile zilizokuwa bado ulionyesha kuwa majeruhi walipungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya miji ya taasisi ya World Resources Institute, yenye thamani ya dola 250,000.

Watoto walionufaika ni wale wanaokwenda shule kwa miguu. Anayepelekwa kwa gari la mzazi hahitaji tuta hilo. Ndiyo maana kazi ndogo ya aina hiyo huleta usawa haraka kuliko barabara ya juu.

Nairobi: njia ya juu na njia ya chini

Jiji la Nairobi nchini Kenya linatoa mfano wa kulinganisha. Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya haraka ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyojengwa na kampuni ya China ambayo hurejesha gharama kwa kuwatoza ushuru wenye magari. Anayelipa hupita juu na kufika uwanja wa ndege kwa dakika chache. Lakini katika jiji hilo zaidi ya safari nne kati ya kila kumi hufanywa kwa miguu, na ujenzi huo uliharibu njia za miguu na vivuko vilivyokuwa chini yake. Kaunti ya Nairobi ilikuwa imepitisha mwaka 2015 sera inayotaka asilimia 20 ya bajeti ya usafiri itumike kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Kati ya sera hiyo na nguzo za zege pana pengo ambalo anayetembea ndiye hulivuka.

Ulinganisho huo hauifanyi Dar es Salaam kuwa mfano usio na doa. Unaonyesha tu kwamba kugawa nafasi ya barabara ni kugawa afya. Njia ya basi huchukua nafasi kutoka kwa magari machache na kuwapa abiria wengi. Barabara ya kulipia huwaongezea nafasi wale ambao tayari walikuwa nayo.

Vipimo vya kuangalia

Kwa miji ya ukanda wa Maziwa Makuu inayopanga barabara mpya, uzoefu huo unaacha maswali yanayoweza kupimwa kabla ya lami kumwagwa. Je, nauli ya mwezi ni sehemu gani ya kipato cha kibarua? Njia ya miguu inaishia kituoni au inaingia hadi mitaani? Waliohamishwa watakuwa na basi huko walikopelekwa? Mbele ya shule, magari yatapita kwa mwendo gani? Azimio la Stockholm la Februari 2020 linapendekeza usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchanganyika.

Kwa Dar es Salaam yenyewe, majibu yatatolewa na awamu zinazofuata. Mbagala na Gongo la Mboto ni makazi ya watu wengi wa kipato kidogo, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiamka alfajiri kugombea daladala. Mabasi yakitosha, nauli ikawa ya kubebeka na vichochoro vya ndani vikapata mitaro, taa na njia za miguu, watakuwa wamepunguziwa umbali ule ambao umewatenga na jiji tangu zamani. Yakikosekana hayo, watapata barabara nzuri ya kutazama wakiwa wanatembea kando yake.