Samaki na Maji Yao: Historia ya Utambuzi wa Samaki katika Ngara na Biharamulo

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hazitajwi sana katika maandishi kuhusu uvuvi wa Tanzania, kwa kuwa Ngara haifiki kabisa kwenye Ziwa Victoria, na Biharamulo, iliyokuwa na mwambao pamoja na bandari ya Nyamirembe, iliupoteza ilipomegwa mwaka 2005 kuunda Wilaya ya Chato, ambayo mwaka 2012 iliingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Hata hivyo ni maeneo machache ya nchi yanayofaa kama haya kwa kuchunguza jinsi watu walivyojifunza kutofautisha aina moja ya samaki na nyingine, maana hapa maji ya namna mbalimbali yanakaribiana: mto mkubwa wenye vinamasi vya mafunjo, maziwa madogo yaliyojitenga kama Burigi na Ngoma, na ziwa kuu lenyewe upande wa mashariki. Historia ya utambuzi wa samaki katika eneo hili inaonyesha kwamba jina la samaki halikutosha peke yake wakati wowote. Kila aliyetaka kumjua samaki kwa hakika, awe mvuvi, mtaalamu wa makumbusho au mchuuzi, alilazimika kwanza kujua ametoka katika maji gani.

Maji hayo yana mpangilio wake. Mto Ruvubu, unaotoka Burundi, unakutana na Nyabarongo ya Rwanda karibu na Rusumo, mpakani mwa Ngara, na kuanzia hapo mto unaitwa Kagera, nao ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Maporomoko ya Rusumo ni kizuizi kwa samaki wanaopanda mto, na kwa sababu hiyo samaki wa juu ya maporomoko ni wa aina chache kuliko wale wa chini yake, huku baadhi ya jamaa za kuyu, yaani samaki wa mtoni wenye magamba makubwa na sharubu mbili kila upande wa mdomo, wakipatikana katika mito ya juu ya Rwanda tu. Kusini zaidi, baada ya kuvuka miinuko inayoelekea Kakonko na Kibondo, mito kama Moyowosi na Malagarasi haielekei tena Ziwa Victoria wala Nile, bali inamwaga maji yake Ziwa Tanganyika na hatimaye bonde la Kongo. Perege wa Malagarasi kwa hiyo ni spishi nyingine kabisa, ijapokuwa sokoni huweza kupangwa kando ya perege wa Kagera bila mnunuzi kugundua lolote. Neno spishi hapa lina maana ya kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao na kurithishana sifa zao.

Kabla ya ukoloni, utambuzi wa samaki ulikuwa mikononi mwa wale walioishi kando ya maji. Katika falme za Maziwa Makuu, ambazo Bugufi, Bushubi na Rusubi za eneo hili zilikuwa sehemu yake, watu wa tabaka la wafugaji kwa desturi hawakula samaki, na koo nyingine zilikuwa na miziro, yaani miiko ya ukoo inayokataza kuua au kula mnyama fulani, ambayo iliweza kumhusu samaki wa aina moja na kuwaacha wengine. Mwiko wa namna hiyo ulidai utambuzi wa makini, kwa sababu aliyekatazwa samaki mmoja alipaswa kumjua hata akiwa amekatwa vipande au amekaushwa kwa moshi. Wavuvi wenyewe walitumia migono, yaani mitego iliyosukwa kwa vijiti na matete, pamoja na ndoana na uzio wa kuziba vijito, na kila mtego ulitegwa kwa kufuata mwenendo wa samaki aliyekusudiwa: kambale alisubiriwa kwenye maji ya kina kifupi yaliyofurika, kamongo alitafutwa katika matope ya kinamasi, naye ningu alikingwa mtoni mvua zilipoanza.

Ningu anastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndiye samaki anayeonyesha vizuri jinsi majira na makazi yalivyokuwa sehemu ya utambuzi. Mdomo wake uko upande wa chini, wenye midomo minene anayoitumia kukwangua mwani na matope, na kwa sehemu kubwa ya mwaka hukaa ziwani. Mito inapojaa, makundi yake hupanda kutaga mayai kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, na Mto Kagera ulikuwa mojawapo ya njia zake kuu. Wavuvi walimtofautisha na kuyu kwa magamba, kwa umbo la mdomo na kwa mahali pa kumvua, kwa kuwa kuyu hupenda maji yaendayo kasi penye mawe. Nyavu za makila, yaani nyavu zinazosimamishwa majini ili samaki anase kwa matamvua, zilipotandazwa kwenye midomo ya mito, ningu wengi walikamatwa kabla ya kutaga, na kufikia miaka ya 1950 na 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka karibu pande zote za ziwa.

Samaki wengine nao walikuwa na alama zao. Kambale ana jozi nne za sharubu, kichwa bapa na kigumu, pamoja na pezi refu la mgongoni linaloelekea mkiani bila kukatika, tena ana kiungo cha kupumulia hewa kinachomwezesha kuishi katika maji mazito yenye oksijeni kidogo. Mbofu hufanana naye kwa mbali, lakini nyuma ya pezi lake la mgongoni huwa na pezi jingine la nyama lisilo na miiba, na makazi yake ni maji ya wazi zaidi. Gogogo hutambuliwa hata gizani, kwa sababu miiba ya mapezi yake husimama na kujifunga, na akishikwa hutoa sauti ya kukwaruza. Domodomo ana pua iliyorefuka kama mrija, na hutumia umeme hafifu wa mwili wake kutafuta chakula usiku.

Uandishi wa kitaalamu ulianza na wageni. John Hanning Speke alipita Rusubi, aliyoiita Usui, na kuliona Ziwa Burigi mwishoni mwa mwaka 1861 akielekea Karagwe, lakini hamu yake ilikuwa chanzo cha Nile, na samaki hawakumshughulisha sana. Miaka ya 1885 na 1886 daktari Mjerumani Gustav Fischer alifika kusini mwa Ziwa Victoria na kukusanya samaki waliopelekwa Berlin, ambako Franz Hilgendorf aliwaeleza mwaka 1888. Miongoni mwao alikuwamo gogogo mmoja aliyepewa jina la kumkumbuka Fischer, na furu mmoja ambaye kwake lilianzishwa jina la jenasi Haplochromis, jenasi ikiwa ni kundi linalounganisha spishi zenye uhusiano wa karibu. Huko London, George Albert Boulenger alitoa katika miaka ya 1909 hadi 1916 orodha ya majuzuu manne ya samaki wa maji baridi wa Afrika, na msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Adolf Friedrich wa Mecklenburg, ulioanzia Bukoba mwaka 1907 kuelekea Rwanda na Kongo, uliongeza samaki wa mito ya juu ya Kagera.

Udhaifu wa kazi hiyo ulitokana na njia yake yenyewe. Samaki aliyetiwa katika pombe kali hupoteza rangi, na wataalamu wa makumbusho walibaki na meno, taya, idadi ya magamba na miiba ya mapezi. Kwa ningu au mbofu hilo halikuleta shida kubwa, bali kwa furu lilikuwa tatizo la msingi, kwa sababu furu, samaki wadogo wa ukoo mmoja na sato, walikuwa na spishi zaidi ya 500 katika Ziwa Victoria, na nyingi kati yake hutofautiana waziwazi kwa rangi ya dume aliye hai tu. Wavuvi walipowaita wote kwa jina moja hawakukosea kwa kipimo cha chungu na mzani. Walikosa tu sababu ya kuwagawa zaidi.

Kazi ya Michael Graham, aliyelichunguza ziwa katika miaka ya 1927 na 1928, ilikutanisha maarifa ya pande zote mbili. Yeye ndiye aliyempa ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, maelezo na jina la kitaalamu, na akapendekeza matundu ya nyavu yasipungue inchi 5 ili ngege wachanga wapite. Kanuni hiyo iliondolewa Tanganyika na Uganda katika miaka ya 1950, wakati ule ule nyuzi za nailoni zilipoongeza nguvu ya nyavu. Tangu mwaka 1947 kituo cha utafiti cha Jinja kilihudumia nchi zote tatu za Afrika Mashariki, na hapo ndipo Humphry Greenwood alipoanza kuwapanga furu kwa kufuata chakula chao: wakwanguao mwani, wavunjao konokono, walao samaki wenzao.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na wageni wa majini. Sangara na sato waliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na ya 1960, na katika miaka ya 1980 sangara alienea upande wa Tanzania kwa kasi iliyowafuta furu wengi, wakati watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, waliokuwa Ghuba ya Mwanza tangu 1977, wakiendelea kuwaorodhesha. Wengine walitoweka kabla ya kupewa majina. Walionusurika walipatikana hasa penye mawe na katika vinamasi vya mafunjo, ambamo oksijeni ni haba na sangara hastahimili.

Kwa wanunuzi wa Biharamulo na Ngara, badiliko hilo lilidai macho mapya. Sato hutambuliwa kwa mistari ya wima iliyopangika juu ya pezi la mkia. Ngege hana mistari hiyo na kichwa chake ni kidogo. Mbiru, jamaa yao wa tatu, hupenda pwani zinazopigwa na mawimbi. Sato na ngege huweza kuzaana, na chotara wao huwa na alama zilizochanganyika, kiasi kwamba jicho lenye uzoefu linaweza kusita na kipimo cha vinasaba, yaani chembe za urithi, kikahitajika. Kwenye barabara inayopita Nyakanazi kuelekea mipaka ya Rusumo na Kabanga, wachuuzi wa kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa, hufanya biashara ya samaki wasio na kichwa wala rangi, ambao mnunuzi huwatambua kwa unene wa nyama na upana wa minofu.

Katika hali hiyo maziwa madogo yamepata umuhimu ambao hayakuwa nao zamani. Ziwa Burigi, lenye kina kifupi na lililojitenga na ziwa kuu, lilibaki na ngege hata baada ya samaki huyo kukaribia kutoweka katika Ziwa Victoria, na tangu mwaka 2019 limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ambamo samaki analindwa kama mnyama mwingine wa porini. Ulinzi huo unategemea jambo moja ambalo sheria peke yake haiwezi kulitimiza, nalo ni kuhakikisha kwamba vifaranga wa sato wanaofugwa katika mabwawa ya vijijini hawafiki ziwani kwa mafuriko au kwa mkono wa mtu. Mfugaji anayeweza kumtofautisha sato na ngege wakiwa wadogo, na anayejua kijito cha bwawa lake kinaelekea wapi, ana uwezo wa kuzuia uchanganyikaji ambao ukishatokea hakuna mtaalamu awezaye kuutengua. Kwa sababu hiyo elimu ya utambuzi wa samaki katika wilaya hizi ingefaa kufundishwa pamoja na ramani ya mito na maziwa yake.