Kwa Tanga Hadi Kageye

Katika likizo yangu ya mwaka nilitimiza jambo nililolitamani tangu Kidato cha Pili: kusafiri kwa mtumbwi wa tanga katika Ghuba ya Speke, kutoka mwambao wa Busega mpaka Kageye. Sisi tuliosoma Bariadi ilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga tuliijua Kageye kwa mstari mmoja tu wa daftari, kwamba Stanley alifika hapo mwaka 1875. Tuliukariri, tukapata alama, tukausahau.

Nahodha wangu alikuwa mwenzetu. Tulikaa dawati moja hadi Kidato cha Tatu, baba yake alipofariki na karo ikakosekana. Tulitweka tanga usiku wa manane, kwa maana upepo wa usiku hutoka nchi kavu ukasukuma vyombo nje. Mchana hugeuka, ukavuma kutoka ziwani. Mwenzangu hakuhitaji saa wala dira. Siku ya pili tulipita mbele ya mlango wa Mto Simiyu, ambao mkoa wetu ulichukua jina lake ulipoundwa mwaka 2012, ingawa mlango wenyewe umebaki upande wa Mwanza.

Hapo nikaanza kumsimulia. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 akiwa na watu zaidi ya 300. Mashua yake, Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, iliundwa Uingereza kwa vipande ili ibebwe na wapagazi. Tarehe 27 Februari 1875 walifika Kageye, hali wamepungua chini ya 200. Wengine waliuawa vitani, wengine walikufa kwa njaa na maradhi, wengine walitoroka. Tarehe 8 Machi mashua ilishushwa majini, Stanley akasafiri na mabaharia 11. Walielekea mashariki, wakaufikia mlango wa Simiyu, naye akaandika kwamba huo ndio mto wa kusini kabisa unaoilisha Naili. Baadaye ilithibitika kuwa mto mkubwa kuliko yote unaoingia ziwani ni Kagera.

Wala Kageye haikuwa pori. Ilikuwa bandari ndogo yenye shughuli, iliyoshughulika na nguo, pembe za ndovu na, kwa masikitiko, watumwa. Mfanyabiashara wa pwani aitwaye Songoro alikuwa na makazi yake hapo, naye alikuwa akiunda jahazi. Aliuawa Ukerewe Desemba 1877, pamoja na wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O'Neill, katika mzozo na Mfalme Lukonge.

Nahodha alisikiliza kimya, kisha akauliza: "Na hao walioibeba mashua, Bwana Mkubwa, walikuwa akina nani?"

Nikamtajia Safeni, Uledi, na Saramba aliyekuwa mwongoza njia. Wengine sikuwa nao kichwani.

"Majina matatu katika watu mia tatu," akasema, akashika kamba ya tanga.

Tulipofika Kageye ufuko ulikuwa umejaa mitumbwi. Dagaa walikuwa wameanikwa, na akina mama walikuwa wakipatana bei. "Mwangaluka!" zilisikika kila upande, na mwenzangu aliitwa kwa jina lake hata na watoto. Mimi, mtu wa ofisini, niliulizwa ni mgeni wa nani. Nikajibu kuwa mimi ni mgeni wa nahodha.

Jioni ile niliitoa mfukoni orodha ya wanafunzi wa zamani kwa ajili ya mkutano wetu. Niliitayarisha mimi mwenyewe. Walikuwamo wakuu wa idara, madaktari, wahandisi na walimu, yaani wote waliomaliza. Yeye hakuwamo. Nilikuwa nimetenda kosa lile lile nililokuwa nikilisimulia mchana kutwa: kuhesabu waliofika na kuwasahau waliotuvusha. Ndiye aliyenifundisha hesabu za Kidato cha Kwanza kwa mwanga wa kandili.

Nimekwisha kumpelekea Katibu jina lake. Hapa siliandiki kwa kuwa mwenyewe hajaniruhusu. Napendekeza kila mmoja wetu alete walau jina moja la mwenzetu aliyeishia njiani. Nahodha ameahidi kuja, iwapo upepo utakuwa mzuri.