Tundu la Hedifoni la Risiva Halijawahi Kuwa Pambo

Kila nikiposti kitu kuhusu sauti, lazima atokee mtu wa kuniambia eti tundu la hedifoni kwenye risiva ni pambo tu, nikanunue amplifaya ya hedifoni. Wadau, hebu turudi nyuma kidogo, maana historia inasema mengine.

Mwaka wa 1958 kule Milwaukee, Marekani, John Koss na mwenzake Martin Lange walitengeneza hedifoni za stereo za kusikilizia muziki nyumbani. Shida ikawa mashine nyingi za wakati huo hazikuwa na mahali pa kuzichomeka. Tundu lenyewe lilikuwepo, ila kwingine. Hili la milimita 6.35 lilitoka kwa mitambo ya simu ya karne ya 19, enzi za kuunganisha watu kwa kuchomeka nyaya kwa mkono.

Kufikia miaka ya 1970, tundu hilo lilikuwa limeshazoeleka mbele ya risiva. Na kwa kawaida hawakuweka amplifaya nyingine ndani. Walichukua umeme ule ule wa kusukuma spika, wakaupitisha kwa rezista ya mamia ya ohm ili usichome hedifoni wala kukupasua maskio. Yaani ulikuwa unasikiliza mashine nzima, pamoja na ile transfoma yake ya kuvunja mgongo. Hedifoni za enzi hizo ziliweza: Sennheiser HD 414 ya 1968 ilikuwa na ohm 2,000. Mbele yake, rezista ya ohm 330 ni katuta tu.

Mambo yakageuka 1979, Sony ilipotoa Walkman. Betri mbili ndogo, volti 3. Hedifoni za ohm nyingi hapo zingenong'ona tu, kwa hivyo za kubebeka zikashushwa hadi ohm 32 hivi.

Sasa chomeka hizo kwa risiva ya zamani, upige hesabu: 32 gawanya kwa 362. Hedifoni inapata karibu asilimia 9 ya volteji, nyingine yote inaishia kwa rezista. Sauti bado itatosha, risiva ina nguvu. Tatizo ni kwamba ohm za hedifoni nyingi hazitulii. Hupanda kwenye besi, na zikipanda, besi inapata mgao mkubwa zaidi. Ndiyo ile besi nzito, legevu, mnayolalamikia.

Hapo ndipo amplifaya ya hedifoni ilipopata kazi. Miaka ya 1990 HeadRoom ya Montana ilikuwa inaziuza, naye Chu Moy akachora saketi rahisi ambayo watu walijiundia ndani ya mikebe ya peremende. Kanuni inayotumika sana ni hii: ohm za tundu zisizidi moja ya nane ya zile za hedifoni. Kwa hedifoni za ohm 32, hiyo ni ohm 4.

Msimamo wangu? Kama uliokota risiva ya ex-UK pale Luthuli na hedifoni zako ni za ohm 300 kwenda juu, tulia. Besi itaongezeka kidogo, na wengi wenu mtaipenda. Kama ni za ohm 32 na besi inakukera, basi amplifaya ndogo ya bei nafuu itakusaidia kweli. Lakini usikubali mtu akutoe pesa kwa aibu. Angalia ohm kwanza, zimeandikwa kwa boksi.

Zako ni ngapi? Niambie hapo chini.