Maua yalikufa, karatasi ikabaki: tuta la maua la Gertrude Jekyll

Hapa kwetu Kongo watu wengi hupanda maua kando ya parseli: kana nyekundu karibu na mtaro, dalia mbele ya mlango. Kupanga maua kandokando ya njia au ukuta ni kazi yenye historia yake, na mmoja wa watu waliochangia sana ndani yake ni mama wa Uingereza, Gertrude Jekyll.

Alizaliwa London mwaka 1843. Mwaka 1861 aliingia shule ya sanaa akajifunza uchoraji. Lakini macho yake yaliendelea kudhoofika, na mwaka 1891 daktari wa macho huko Ujerumani alimshauri aache kuchora na kudarizi. Tangu hapo nguvu zake nyingi alizitia kwenye bustani, na ujuzi wake wa rangi akaupeleka huko.

Nyumbani kwake Munstead Wood, jimbo la Surrey, alitengeneza tuta la maua mbele ya ukuta mrefu: urefu wa mita 60 hivi, upana wa mita 4 na kidogo. Kwenye miisho yote miwili aliweka majani ya kijivu na maua meupe na ya njano hafifu. Ukitembea kuelekea katikati, njano inakolea, inakuwa rangi ya machungwa, kisha nyekundu kali. Ukipita katikati, rangi zinapoa tena. Alijua kwamba jicho lililoshiba rangi kali huiona buluu vizuri zaidi. Pale kwenye nyekundu ndipo alipoweka kana na dalia, mimea yenye asili ya Amerika kama hii yetu.

Tena hakupanda kwa viwanja vya mraba. Kila aina aliipa kipande kirefu na chembamba, ili ikinyauka pengo lisionekane. Ua likimaliza wakati wake, mmea wa nyuma uliinamishwa kulifunika. Mengine aliyakuza ndani ya vyungu, akayaleta palipobaki wazi.

Kazi hiyo inataka mikono kila siku. Jekyll alifariki mwaka 1932, akiwa ameshiriki kupanga bustani 400 hivi. Nyingi zilipotea. Zilizofufuka ziliokolewa na karatasi: alikuwa amechora kila tuta na kuandika jina la kila mmea mahali pake. Mpanga bustani wa Marekani, Beatrix Farrand, alinunua michoro hiyo, na leo imehifadhiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kule Hestercombe, jimbo la Somerset, bustani aliyoipanga pamoja na msanifu Edwin Lutyens ilikuwa imeharibika. Michoro yake ikapatikana ndani ya kibanda cha bustani, na kuanzia mwaka 1973 ikapandwa upya kwa kuifuata.

Kwetu, mzee anayetunza maua ya parokia, ya shule au ya avenyu hubeba mpango wote kichwani: kipi kinachanua wakati wa mvua, kipi kinavumilia kiangazi, kipi kinaua jirani yake. Akifa, au parseli ikiuzwa, tunabaki na majani. Tukae naye angali hai, tuandike majina kama anavyoyaita yeye, na mahali pa kila mmea. Daftari moja la mwanafunzi linatosha.