Samaki Aliyekuja na Sheria Yake: Trauti wa Mito ya Nyeri

Kabla ya mwaka 1905 hapakuwa na trauti hata mmoja katika mto Gura, wala katika mto mwingine wowote wa nyanda za juu za Kenya. Mito ilikuwa na wenyeji wake: kambare wadogo wa milimani wanaojibana chini ya mawe, kaa wa maji baridi, na mikunga waliopanda kutoka Bahari ya Hindi kwa njia ya mto Tana. Juu zaidi, katika maziwa madogo ya Mlima Kenya, samaki hakuwapo kabisa. Leo ukisimama juu ya Gura, kati ya Tetu na Othaya, ukaona kivuli chenye madoa kikisimama imara katikati ya mkondo unaobeba mawe, utadhani kiumbe huyo amekuwapo tangu milima ya Nyandarua iwepo. Kumbe ni mgeni wa vizazi vichache, na kila mto aliotiwa ulipata sheria yake.

Aliyemleta ni Ewart Grogan, Mwingereza aliyejipatia sifa kwa kusafiri kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19. Mayai yalitoka Loch Leven, Uskoti, ziwa ambalo trauti wake wa kahawia walikuwa wakisambazwa kila mahali Waingereza walipokwenda kukaa. Yai la trauti huvumilia safari ndefu likiwekwa kwenye ubaridi na unyevu, kwa sababu baridi huchelewesha kuanguliwa. Likipata joto kwa siku moja, limeharibika. Kwa hiyo mzigo huo ulipaswa kuvuka bahari, kupita joto la Mombasa, kisha kupanda garimoshi hadi bara. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, lakini Nyeri hapakuwa na reli wakati huo, na kutoka mwisho wa reli hadi Gura palibaki miguu ya watu. Vitabu vya uvuvi vinamtaja Grogan kila vinapoanza kusimulia habari hizi. Wapagazi hawatajwi, nao ndio waliojua uzito wa barafu na maji kwenye njia za matope za Nyandarua.

Grogan huyohuyo, mwezi Machi 1907, aliwachapa viboko Wakikuyu waliokuwa wakivuta riksho, hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Naieleza habari hiyo hapa kwa sababu mara nyingi historia ya trauti husimuliwa kama burudani tupu ya waungwana na fimbo zao, mbali na mambo mengine ya miaka ile. Mtu ni mmoja, na nchi aliyoitaka ilikuwa na mito yenye samaki wa kwao pamoja na wenyeji wanaojua mahali pao.

Kwa Wakikuyu samaki hakuwa chakula. Mto ulikuwa na kazi nyingine, tena nzito. Ardhi ya mbari ilishuka kutoka mgongo wa kilima hadi majini, na mto ndio uliokuwa mpaka ambao hakuna aliyeweza kuusogeza usiku. Vijana waliokuwa wakitahiriwa walishuka mtoni alfajiri wakaoga maji yale ya kuuma mifupa, mwili ukafa ganzi kabla ya kisu. Wanawake waliteka maji, mbuzi wakanywa, na mikuyu mikubwa iliyosimama karibu na chemchemi haikuguswa na shoka. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, chini kidogo ya msitu wa Nyandarua, alieleza mara nyingi jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mgumo uliokuwa kando ya kijito. Mti huo uliposhikilia udongo, kijito kilitiririka. Ulipokatwa, kikakauka. Huo nao ulikuwa utaratibu wa kutunza maji, wenye masharti na makatazo, ingawa haukuandikwa mahali popote.

Utaratibu mpya ulikuja kwa karatasi. Mwaka 1910 waliletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, ambako nao walikuwa wageni, kwani asili yao ni magharibi ya Amerika Kaskazini. Hao walipenda mito ya Mlima Kenya na kuenea haraka. Baadaye walowezi wakaanzisha klabu ya wavuvi wanaotumia nzi bandia, Kenya Fly Fishers' Club, na serikali ya kikoloni ikamweka mlinzi wa samaki ndani ya Idara ya Wanyamapori. Hugh Copley, aliyeshika kazi hiyo kwa miaka mingi, aliandika vitabu vya samaki wa Afrika Mashariki ambavyo bado vinafaa kusomwa. Walitia vifaranga mto baada ya mto: Chania, Mathioya, Maragua, Thego, Ragati, Sagana, Thiba, Burguret, Liki, Sirimon. Walipanda hadi maziwa ya juu, Alice, Ellis na Rutundu, ambako samaki hangefika mwenyewe hata baada ya miaka elfu, maana maporomoko yanamzuia.

Leseni ndiyo iliyoshikilia yote hayo. Mwenye kuvua trauti alitakiwa kuwa na cheti, na njia halali ilikuwa moja: fimbo, mshipi, na ndoana iliyovikwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu. Mtego wa kusuka, wavu, sumu ya mimea, hata mnyoo kwenye ndoana, vyote vilikatazwa. Kwa upande wa samaki sababu zipo na ni za kweli. Kijito cha mlimani ni chembamba, chakula chake ni kidogo, na wavu mmoja unaweza kumaliza kizazi kizima kwa jioni moja. Lakini fimbo na vifaa vyake viliuzwa kwa bei ya mlowezi, na leseni hali kadhalika. Kijana wa Tetu aliyetega samaki kwenye maji ambayo babu yake aliyaita mpaka wa shamba lake akawa mwizi, na samaki mwenyewe babu hakuwahi kumwona.

Mwaka 1948 serikali ilijenga kituo cha kutotoleshea trauti huko Kiganjo, mwaka uleule kilipoanzishwa kituo cha ufugaji wa samaki cha Sagana. Kazi ya kituo cha trauti inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mito mingi isingekuwa na samaki wa kutosha bila mikono ya watu. Jike aliyekomaa hushikwa kwa kitambaa chenye maji ili asivuliwe ute wake wa ngozi. Mtu mmoja humshika mkia na kichwa, mwingine humkamua taratibu kuanzia kifuani kwenda chini, na mayai ya rangi ya chungwa, kila moja kubwa kama punje ya mtama, hutiririka kwenye bakuli kavu. Dume naye hukamuliwa juu yake. Mayai hukorogwa kwa unyoya au kwa vidole, huoshwa, kisha hutandazwa kwenye trei ambamo maji baridi hupita usiku na mchana. Katika maji ya nyuzi 10 huchukua karibu mwezi mmoja kuanguliwa. Kila siku lazima mtu aokote mayai yaliyokufa, yale yaliyogeuka meupe, moja moja kwa koleo, la sivyo ukungu wake huambukiza trei nzima. Waliofanya kazi hiyo kwa miongo yote hiyo walikuwa hasa wafanyakazi Waafrika, watu waliojua trauti kuliko wengi waliokuwa na leseni ya kumvua.

Si mbali na Kiganjo, ukingoni mwa mto Sagana, ipo nyumba ambayo koloni la Kenya lilimpa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi yake ya mwaka 1947. Alikuwa amerejea hapo kutoka hoteli ya Treetops alipopewa habari za kifo cha baba yake, tarehe 6 Februari 1952. Dunia inalikumbuka tukio hilo. Ila mwezi Oktoba mwaka huohuo hali ya hatari ilitangazwa dhidi ya Mau Mau, na katika mwaka uliofuata misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikawa eneo lililokatazwa, ambamo mtu angeweza kupigwa risasi bila kuulizwa. Ndege za kivita zilidondosha mabomu juu ya mabonde yale ambamo wavuvi walikuwa wakirusha mishipi. Kuanzia mwaka 1954 watu wa Nyeri walihamishwa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi, na mito ikawa njia za wapiganaji: waliifuata usiku, walikunywa humo, walipoteza nyayo zao majini. Kiongozi wao, Dedan Kimathi, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 pembezoni mwa msitu huohuo. Sijui historia ya uvuvi wa Nyandarua inawezaje kuandikwa ikairuka miaka hiyo, na bado imeandikwa hivyo mara nyingi.

Uhuru haukuiondoa leseni. Sheria ya Uvuvi, Sura ya 378, iliyopitishwa mwaka 1989, iliendeleza masharti ya uvuvi wa trauti, na sheria mpya ya mwaka 2016 ikafuata. Katiba ya 2010 nayo ilizipa serikali za kaunti sehemu ya kazi za uvuvi, hivyo mtu anayetaka kuvua Nyeri huanzia ofisi ya uvuvi. Akitaka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, iliyoanzishwa mwaka 1950, hulipa pia ada ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kwa lango la Kiandongoro utafika kwenye mbuga za juu, takriban meta 3,000, ambako shirika hilo lina nyumba za wageni ziitwazo Fishing Lodge. Huko mvuvi mwenye busara huandamana na askari mwenye bunduki, kwa sababu nyati hulala kwenye majani marefu ya ukingoni na tembo hutumia vivuko vilevile. Maji ni ya rangi ya chai nyepesi kwa ajili ya udongo wa mboji. Ukitia mkono, vidole vinakakamaa kabla hujahesabu ishirini.

Trauti mwenyewe ameleta hasara ambazo lazima zisemwe. Aina zote mbili, wa kahawia na wa upinde wa mvua, zimo kwenye orodha ya spishi vamizi 100 zilizo mbaya zaidi duniani. Hula wadudu wa majini, kaa wachanga na samaki wadogo wa asili, na katika maziwa ambayo hayakuwahi kuwa na samaki hubadilisha kila kitu kinachoishi humo. Hata hivyo sioni faida ya kusema aondolewe leo. Amekwisha kuwa sehemu ya mito hii, na ana sifa moja inayomfaa kila mtu anayeishi chini ya mlima: hawezi kuvumilia maji machafu wala ya moto. Maji yakikaribia nyuzi 20 huanza kutaabika. Msitu wa ukingoni ukikatwa, tope likifunika changarawe anamotagia, dawa za mashamba zikishuka na mvua, yeye hutoweka kabla binadamu hajagundua lolote.

Na hapo ndipo mgogoro wa sasa ulipo. Burguret na Naro Moru, mito iliyosifika kwa trauti, hukauka sehemu za chini nyakati za kiangazi kwa sababu maji hutolewa njiani kwa mabomba na mifereji, mengine kwa kibali na mengine bila kibali, kwenda kwenye mashamba ya maua, mboga na viazi. Wafugaji walio chini kabisa, kwenye Ewaso Ng'iro, huona mchanga mahali palipokuwa na mto. Vyama vya watumiaji wa maji, vilivyotambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2002, hukaa mezani na kupanga zamu za kufungua na kufunga malango. Ni kazi ngumu inayofanywa na wakulima wa kawaida, wengi wao bila malipo.

Wakati huohuo mapokeo ya chakula yamebadilika. Mpango wa serikali wa mwaka 2009 ulichimba mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi, na Nyeri ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoupokea. Wajukuu wa watu ambao hawakula samaki leo wanafuga tilapia na kambare, na wengine walio juu zaidi wanafuga trauti kwa ajili ya mahoteli.

Msimamo wangu ni kwamba leseni ya trauti ibaki, ila fedha zake zionekane mtoni. Kwa sasa kibali cha kuvua hutolewa na ofisi moja, kibali cha kuchota maji na nyingine, na ada ya hifadhi huingia kwa ya tatu. Anayelinda ukingo, yaani mkulima aliyeacha miti yake isimame hadi majini, hapati kitu katika hizo tatu. Sehemu ya ada hiyo ipelekwe kwa chama cha watumiaji wa maji cha mto husika, ilipe mtu wa kupima kina cha maji kila juma na kukagua malango ya mifereji. Vijana wa Ihithe, Kiandongoro na Kabaru wapewe leseni kwa bei ya mkazi, wafundishwe kurusha mshipi na kuongoza wageni. Wao ndio wanaojua ni kona ipi trauti hujificha mwezi Februari, maji yanapopungua.