Bandama, Kovu na Kadi: Uchunguzi wa Maambukizi na Chanjo kwa Wanafunzi wa Udaktari Watokao Upareni

Kijana wa Same anayechaguliwa kusomea udaktari hupokea maelekezo ya kujiunga na chuo, na humo hukuta fomu ya uchunguzi wa afya ya kujazwa na mganga wa hospitali ya serikali. Fomu za namna hiyo, ambazo hazitofautiani sana na zile za wanafunzi wa kidato cha tano, kwa kawaida huuliza habari za damu, choo, mkojo, kaswende, kifua kikuu, macho, masikio, kifua na bandama. Ni orodha ya kupekua: inautafuta ugonjwa uliokwisha kuingia mwilini. Kuhusu kinga ambayo mwili unayo au hauna, mara nyingi husema machache. Makala hii inadai kwamba upungufu huo una historia, na kwamba historia hiyo inasomeka vizuri Upareni, ambako miili ya watu ilichunguzwa kwa kina miongo mingi kabla watu wenyewe hawajaanza kumiliki kumbukumbu za kinga zao.

Swali la bandama ndilo linalofungua mlango. Bandama iliyovimba ni dalili ya kale ya malaria ya kujirudiarudia, na katika Tanganyika ya kikoloni mikono ya watafiti iliipapasa katika matumbo ya watoto ili kukadiria ukali wa ugonjwa katika kijiji kizima. Pare ya Kusini ilifaa sana kwa kazi hiyo. Juu, kuelekea Shengena, hewa ni ya baridi na mbu ni wachache. Chini, katika tambarare za mashariki zenye maji na mashamba ya mpunga, malaria ilikuwa sehemu ya utoto. Mwaka 1954 taasisi ya utafiti wa malaria ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Amani katika milima ya Usambara, ilianza mradi uliojulikana kwa jina la Pare-Taveta, uliovuka mpaka hadi Taveta nchini Kenya. Kuanzia 1955 hadi 1959 kuta za nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrin, takriban kila baada ya miezi minane. Wakati huohuo damu ilichukuliwa vidoleni, bandama zikapimwa, na vizazi na vifo vikaandikwa.

Matokeo yake yanafahamika. Vimelea katika damu ya watoto vilipungua sana, vifo vya watoto wachanga vilishuka, na mbu aina ya Anopheles funestus karibu atoweke kabisa. Upuliziaji uliposimamishwa, malaria ilirudi, ingawa si kwa siku moja. Watafiti waliendelea kurejea Upareni, na miaka 11 baada ya dawa kusitishwa walichunguza tena wakazi, safari hii wakipima pia kingamwili katika damu. Hapo swali lilikuwa limebadilika: halikuwa tena nani mgonjwa leo, bali ni nani aliyewahi kukutana na ugonjwa na mwili wake ukaukumbuka.

Swali hilo lilikuwa na mzizi wa zamani. Katika mkutano wa malaria uliofanyika Kampala mwaka 1950, wataalamu waligawanyika. Baadhi yao, akiwemo Bagster Wilson aliyeiongoza taasisi ya Amani, waliogopa kwamba kumkinga mtu asiumwe na mbu kungemnyima kinga anayoipata kwa kuugua tangu utotoni, kisha kumwacha hoi siku ugonjwa utakaporudi. Mkutano ulipendekeza malaria idhibitiwe popote. Hofu ya Wilson haikuwa ya kipuuzi, lakini ilikuwa na gharama ambayo wenye kuilipa hawakuwepo Kampala: kinga ya kuugua hununuliwa kwa makaburi ya watoto. Kwa historia inayofuatiliwa hapa, jambo la kuzingatia zaidi ni lengo la vipimo vyenyewe. Vilikusudiwa kukadiria hali ya jamii. Hesabu zilikwenda Amani na katika majarida ya kitabibu. Mtoto aliyetobolewa kidole hakukusudiwa kupewa cheti cha kueleza kinga yake.

Cheti kilikuja kwa njia nyingine, ile ya chanjo. Wazee wa Upareni walikuwa na kovu la ndui mkononi, na kovu ni kumbukumbu isiyopotea wala kuloa mvua. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulipoanzishwa mwaka 1975, kovu la chanjo ya kifua kikuu lilifuatana na kadi ya kliniki, ambamo pia ziliandikwa chanjo za dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Chanjo ya homa ya ini aina ya B haikuwemo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1992 kwamba nchi zote ziiingize katika ratiba za watoto wachanga. Tanzania iliiingiza mwaka 2002, ikiwa imeunganishwa na ile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda.

Mwaka huo ni mpaka ambao fomu hauoni. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ilifunguliwa mwaka 1971, na chuo chake cha udaktari kilianza mwaka 1997. Mwanafunzi aliyezaliwa kabla ya 2002 hakupata kinga hiyo katika ratiba ya kawaida ya utotoni, hata kama mama yake alishuka mlimani kwenda kliniki bila kukosa siku moja. Kwa hiyo karibu wote walioingia vyuo hivyo kwa miongo kadhaa, hadi miaka ya karibuni sana, waliingia wadini wakitegemea bahati, au kinga ya ukubwani kwa wale walioipata. Kadi iliyojaa mihuri haikuwa na maana kwa ugonjwa ambao sindano ya wodini huuhamisha kwa urahisi zaidi. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, uwezekano wa kuambukizwa homa ya ini B ni kati ya asilimia 6 na 30. Kwa virusi vya ukimwi ni takriban asilimia 0.3.

Afrika Mashariki na jirani zake ilikwisha kupata funzo kuhusu mfanyakazi wa hospitali asiyekingwa. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida, Ali Maow Maalin wa Merca nchini Somalia, alikuwa mpishi wa hospitali. Mwezi Oktoba 1977, akiwa hajachanjwa ipasavyo, aliugua baada ya kuwasindikiza wagonjwa wa ndui kwa gari. Alipona, na miaka mingi baadaye alifanya kazi ya kuhimiza chanjo ya polio. Kampeni iliyovifikia vijiji vya mbali sana ilikuwa imempita mtu aliyekuwa ndani ya geti.

Utafiti wa wafanyakazi wa hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2015, unaonyesha jinsi mambo mawili, kupima na kuchanja, yasivyoweza kutenganishwa. Takriban asilimia 7 ya waliopimwa walikuwa na maambukizi sugu ya homa ya ini B, na karibu theluthi moja walikuwa wameshapata kinga kwa kuambukizwa zamani. Ni picha ileile ya Pare, ila kwa kirusi kingine. Kumchanja aliyekwisha kuambukizwa hakumdhuru, lakini humpa utulivu usio na msingi na kumchelewesha kupata tiba.

Hapo ndipo mwanafunzi mwenyewe anapokuwa na cha kupoteza. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti ukimwi inakataza kumlazimisha mtu kupima virusi hivyo, lakini, kama jina lake linavyoonyesha, haikutungwa kwa ajili ya homa ya ini. Kijana ambaye ukoo mzima umechangia nauli na ada anaweza kuliona jibu la maabara kuwa ni hukumu juu ya nafasi yake chuoni, na hivyo akaona heri asipimwe. Fomu isiyoeleza jibu litatumiwaje humfundisha kuficha. Kinachohitajika ni maneno machache yaliyoandikwa wazi: kwamba mwenye maambukizi atapelekwa kwenye matibabu na ataendelea na masomo.

Muda unatosha. Dozi tatu za mtu mzima hutolewa mwanzoni, baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita, na miaka ya kwanza ya shahada ya udaktari hutumika zaidi darasani na maabara. Anayeanza wiki ya usajili huikamilisha ratiba kabla ya kukabidhiwa wagonjwa. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, kipimo cha kingamwili huonyesha kama mwili umeitikia. Waliozaliwa mwaka 2002 na baadaye sasa wanafika vyuoni wakiwa na chanjo hiyo kwenye kadi, nao wanahitaji kipimo hichohicho, kwa kuwa kingamwili za chanjo ya uchangani hupungua kadiri miaka inavyopita, na kadi nyingi zilibaki nyumbani, au hazipo tena.